Unataka Benz kwa Bei ya Vitz? Haya Ndiyo Magonjwa ya Injini Yenye Utauziwa Nayo

Kuna ndai moja nyeusi ya Kijerumani, viti za ngozi, sanrufu na kila kitu, imepakiwa nyuma ya jikoni ya mathe wetu huko ocha. Huu ni mwaka wa pili haijawaka. Kuku ndio wanaitumia. Kuna mmoja ameamua chini ya bampa ndio atakuwa anatagia.

Hiyo ndai ni ya brathe yangu. Alichukua loni ya sacco, akaongezea akiba yake, akainunua kwa msee mwenye tulipatia kwa simu. Mpango ulikuwa safi: wikendi inakodishwa kwa harusi, katikati ya wiki anapiga nayo luku, faida ikiingia narudi campo namaliza kozi. Wiki tatu za kwanza tulikuwa tunaitwa wadosi mtaani. Wiki ya nne, tukiwa Thika Road, ikaanza kulia kama misumari ndani ya sufuria. Halafu ikanyamaza. Makanika alifungua akatuonyesha: cheni ya taimingi iliruka, valvu zikagonga pistoni. Bili ya kuitengeneza ilikuwa zaidi ya nusu ya doh tulinunua nayo gari.

Campo sikurudi. Loni bado inakatwa kwa mshahara wa brathe kila mwezi. Kwa hivyo kama uko na laki kadhaa kwa M-Pesa na umeona Benz ama BMW mahali inauzwa bei ya Vitz, tulia kwanza usome hii. Sikukatazi kununua. Nataka tu ujue kenye unanunua.

Mbona ni bei rahisi hivyo?

Anza na hii. Sheria ya Kenya inasema gari ya mtumba isizidi miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza, ndio ikubaliwe kuingia. Maana yake, ukiona Mercedes ya 2010 inauzwa leo, hiyo ilishuka Mombasa 2017 ama kabla. Imekula jam ya Nairobi, vumbi, matuta na makanika wa kila aina kwa miaka mingi. Hakuna mtu ameitoa Japan wiki jana, hata kama broka anakuapia.

Ya pili: bei ya gari hushuka kila mwaka, lakini bei ya spea zake haijui gari imezeeka. Benz iliyokuwa ya mdosi ikiwa mpya inaweza kuangukia mikono yako kwa bei ya gari ndogo, lakini pampu yake, sensa zake na injekta zake bado ni za gari ya mdosi. Mwenye anauza mara nyingi anajua kuna bili iko njiani. Anakuuzia gari na hiyo bili pamoja.

Habari njema ni kwamba injini nyingi za hizi gari ziko na ugonjwa wake unaojulikana dunia nzima. Ukijua jina la injini, unajua pa kuangalia. Na usidanganywe na jina la modeli. BMW 320i ya umbo la E90, zile za 2005 hadi 2011 hivi, na 320i ya F30 iliyokuja 2012 ziko na injini tofauti kabisa, na magonjwa tofauti. Chukua nambari ya chasisi, iweke kwa tovuti za kusoma nambari za chasisi, utapata kodi ya injini. Hiyo kodi ndio ya kutafuta mtandaoni, wala sio "BMW iko aje".

Ugonjwa wa kwanza: cheni ya taimingi

Huu ndio ulituua sisi. Ndani ya injini kuna kranki kule chini, inayozungushwa na pistoni, na kuna kamu kule juu, zinazofungua na kufunga valvu. Lazima ziende pamoja, hakuna kupishana hata kidogo. Kitu kinaziunganisha ni cheni, kama ya baiskeli lakini inakimbia ndani ya oili. Inapita kwa reli za plastiki na inakazwa na tenshona inayotegemea presha ya oili.

Watengenezaji walituambia cheni ni ya maisha yote ya gari. Shida ni kwamba cheni hunyooka ikilika, plastiki hukauka na kuvunjika, na tenshona huchoka. Cheni ikiruka meno machache tu, valvu inabaki wazi wakati pistoni inapanda. Zinakutana. Hapo umebaki na chuma chakavu.

Kaa macho na hizi:

Mercedes C180 na C200 za W204, zilizotengenezwa kuanzia 2007, nyingi ziko na injini ya M271 ya 1.8. Ziko zenye zimeandikwa Kompressor na zile za baadaye za CGI zenye turbo. Zote zinajulikana kwa cheni kunyooka na gia za kamu kulika meno. Na kuna kaugonjwa kadogo: sumaku za kamu huvuja oili, na hiyo oili hutembea ndani ya waya polepole hadi ifike kwa kompyuta ya injini. Chomoa plagi ya hizo sumaku uangalie. Ukiona oili kwa waya, hiyo bei ishuke ama ushuke wewe.

BMW zenye injini ya N20, ile turbo ya 2.0 iliyoingia 2011 kwa 320i, 328i, 520i na X1: reli za plastiki za cheni huvunjika. BMW wenyewe walizibadilisha muundo kufikia 2015. Ukifungua sampu ukapata vipande vya plastiki, hiyo saa inahesabu.

BMW za dizeli zenye N47, kama 320d na 520d, hasa za 2007 hadi 2011: cheni iko nyuma ya injini, upande wa giaboksi. Maana yake, hata kuifikia tu ni kazi ya kutoa injini ama giaboksi. Piga hesabu ya lebo peke yake.

Audi na Volkswagen zenye injini za TFSI na TSI za 1.8 na 2.0, familia inaitwa EA888, zile za kabla ya 2012 hivi: tenshona ya zamani hushindwa kushika, na cheni inaruka wakati wa kuwasha.

Dalili karibu ni moja kwa zote: ukiwasha injini ikiwa baridi, inalia krrrr kwa sekunde mbili tatu, halafu inatulia. Broka atakwambia "hiyo ni kawaida ya Mjerumani." Si kawaida.

Ugonjwa wa pili: injini mlevi

Kuna gari zinakunywa oili kama hazina mwenyewe. Audi A4 ya umbo la B8 yenye 2.0 TFSI, hasa za 2009 hadi 2011, ndio bingwa. Ringi za pistoni zilitengenezwa nyembamba na mashimo yake huziba, kwa hivyo oili inapanda juu na kuchomwa pamoja na petroli. Dawa kamili ni kubadilisha pistoni na ringi, yaani injini yote ifunguliwe.

BMW 320i za E90 zenye injini ya N46 nazo huchoka sili za valvu. Hii ni rahisi kukamata. Acha injini ingurume bila kukanyaga kwa dakika kumi hivi, halafu kanyaga mara moja huku beste yako amesimama nyuma. Kama egzosti itatapika wingu la bluu, sili zimeenda.

Hatari ya injini mlevi haiko kwa bei ya oili tu. Oili ikipungua bila wewe kujua, beringi zinakosa kulainishwa na injini inanoki. Na BMW kadhaa hazina hata dipstiki, unasoma kiwango cha oili kwa skrini. Sensa ikiharibika, uko gizani kabisa.

Ugonjwa wa tatu: mkaa kwa valvu

Hapa hata mafan wa Mark X mkae chini, maanake inawahusu. Injini za kitambo zilikuwa zinapuliza petroli nyuma ya valvu, na hiyo petroli ilikuwa inaziosha kila saa. Injini nyingi za siku hizi hupuliza moja kwa moja ndani ya silinda. Zinaokoa mafuta, lakini valvu hazioshwi tena. Mvuke wa oili unakuja unakaukia pale, miaka inaenda, inakuwa gamba jeusi kama masizi ya sufuria ya githeri.

TFSI za Audi zinajulikana kwa hii. Lakini pia ile 4GR ya 2.5 iko kwa Mark X, Crown na Lexus IS250 iko na hiyo tabia. Dalili ni injini kutetemeka ukiwa kwa jam, nguvu kupungua, na taa ya injini kuwaka. Si kifo. Kuna mafundi wanaosafisha kwa kupuliza unga wa maganda magumu ya wolnati. Lakini ni gharama, na inafaa itoke kwa bei ya muuzaji kabla iingie kwa mfuko wako.

Ugonjwa wa nne: joto

Gari nyingi za kifahari za Ulaya ziko na mfumo wa kupooza wenye plastiki kibao: tangi, viungo, mabomba. Plastiki ikikaa kwa joto miaka 10 inakuwa kama biskuti.

Porsche Cayenne ya V8, zile za kwanza za 2003 hadi 2006, zilikuja na mabomba ya plastiki yamejificha juu ya injini, chini ya manifoldi. Yakipasuka, maji yote yanamwagika kwa ghafla. Waliojipanga huweka ya aluminiamu. Uliza kama yamebadilishwa, na uonyeshwe risiti.

BMW za silinda sita zenye N52, kama 325i na 523i, ni injini ngumu sana, na nitakwambia ukweli, ni moja ya zenye ningeangalia mara mbili. Lakini pampu yake ya maji ni ya umeme. Hufa bila kutoa hata tone la onyo. Ukipuuza onyo la joto kwa dakika chache tu, hedi ya aluminiamu inapinda na umeingia box.

Hapa kwetu kuna shida nyingine juu ya hiyo. Watu huweka maji ya mfereji badala ya kulanti, na makanika wengine wakishindwa na joto wanatoa thamostati wanatupa. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha tangi la maji. Usijaribu ikiwa moto, utaungua uso. Ukikuta maji ya kutu, rangi ya chai ya rangi, hiyo gari imelelewa vibaya. Ukikuta yamechanganyika na oili, rangi ya maziwa, funga hiyo boneti, salimia watu, enda.

Na hiyo Range?

Najua. Kila msee akiomoka anaota Range Rover Sport. Lakini sikia. Za dizeli za V6, 2.7 na ile ya 3.0 iliyokuja 2009, zina sifa mbaya ya kranki: beringi hujizungusha ama kranki yenyewe inakatika vipande viwili. Mara nyingine hakuna onyo lolote, uko tu barabarani imezima. Discovery za wakati huo zinatumia injini hizohizo. Na nafasi ndani ya boneti ni ndogo hadi kazi kubwa kama turbo, gareji nyingi huinua bodi yote kutoka kwa fremu ndio zifikie.

Za petroli za V8 5.0 nazo? Tenshona za cheni hulia, na mabomba ya maji ya plastiki hupasuka. Kama huna doh ya kununua injini nyingine, hiyo Range si yako bado. Piga nayo picha, rudi home.

Venye utaikagua bila kuchezwa

Hizi hatua hazihitaji uwe makanika. Zinahitaji tu usiwe na haraka.

Moja, mwambie muuzaji asiwashe gari kabla ufike. Ukifika, weka mkono juu ya boneti. Ikiwa na joto, rudi siku nyingine, asubuhi na mapema. Sisi tulipoenda kuona ile yetu, boneti ilikuwa moto. Jamaa akasema, "Nilikuwa nimeisogeza tu, ipate kivuli." Tukacheka naye. Alikuwa ameipasha ndio ile krrrr ya asubuhi isisikike.

Mbili, washa funguo nusu kabla ya kustati. Taa ya injini na taa ya oili lazima ziwake, halafu zizime injini ikishika. Kama taa ya injini haiwaki kabisa, kuna mtu ameitoa ama ameifunika.

Tatu, sasa stati. Zima redio, nyamaza, na umwambie broka naye anyamaze. Sekunde tano za kwanza ndizo zitakuambia ukweli zaidi ya maneno ya wiki nzima. Rekodi kwa simu.

Nne, soma moshi. Bluu ni oili inachomeka. Nyeusi ni petroli nyingi ama hewa kidogo. Mweupe kidogo asubuhi ya baridi ni mvuke tu, lakini mweupe mzito usioisha hata injini ikipata joto, wenye harufu tamu, ni kulanti imeingia ndani. Gasketi ya hedi hiyo.

Tano, leta msee wako wa skana, usitumie wa muuzaji. Skana nzuri haisomi makosa tu. Inaonyesha pia kama makosa yalifutwa juzi, kwa sababu kompyuta ya gari huwa bado haijamaliza kujipima. Gari safi kabisa isiyo na kosa hata moja, na vipimo vyote bado "havijakamilika", imefutwa asubuhi hiyo.

Sita, iendeshe angalau nusu saa. Ipeleke Southern Bypass ikimbie, halafu irudishe kwa jam. Gari nyingi huficha shida ya joto kwa bypass na kuitapika kwa jam.

Saba, uliza risiti za oili. Vitabu vya watengenezaji vinaweza kukuruhusu kilomita 15,000 na zaidi kabla ya kubadilisha, lakini hiyo ni kwa barabara safi, si jam ya saa mbili kila siku. Mwenye alikuwa anabadilisha kila 5,000 hadi 8,000, na oili yenye nambari za kibali kama MB 229.5 ama BMW Longlife-01 kwa mkebe, huyo alipenda gari yake. Mwenye anasema "huwa nawekea tu oili poa," huyo hajui aliweka nini.

Nane, linganisha nambari ya injini na ile iko kwa logbook. Zikitofautiana, injini ilibadilishwa. Inaweza kuwa jambo zuri hata, lakini lazima uambiwe ilitoka wapi, na NTSA wawe wanajua. La sivyo unanunua kesi.

Ya mwisho, lipa mkaguzi huru wa kweli, mwenye anajua hiyo aina ya gari. Mwambie apime kompresheni ya kila silinda, na kama anaweza, apitishe kamera ndogo kwa shimo la plagi aangalie kuta za silinda. Muuzaji akikataa, usibishane naye. Ameshakujibu.

Hesabu ya doh

Watu wengi hukosea hapa. Uko na milioni moja, unatafuta gari ya milioni moja. Hapana. Tafuta ya laki saba. Hiyo laki tatu iweke mahali, maanake mwezi wa kwanza utabadilisha oili zote, filta, plagi, kulanti, na labda cheni na tenshona zake kabla ziamue zenyewe. Kama laki tatu haiwezi kubaki, basi hiyo gari bado haijafika saizi yako. Kuna Toyota ya kawaida mahali itakupeleka kazi bila drama, na hakuna aibu hapo.

Kabla pia utume dipoziti, piga simu Kirinyaga Road ama Industrial Area uulize bei ya vitu vitatu: seti ya cheni ya hiyo injini, pampu ya maji, na injini nzima ya eks-Japan. Ziandike kwa karatasi. Kama hizo bei zinakufanya unyamaze, umepata jibu ukiwa bado na doh yako.

Brathe bado anasema siku moja ataiamsha ile ndai. Kila tukienda ocha anaizunguka, anafuta kioo na mkono wa shati, anafukuza kuku. Mimi humwambia aiuze spea kwa spea, angalau loni ipungue. Tukimaliza kubishana, mathe anatoka na kabeseni, anaenda pale chini ya bampa kuchukua mayai.